Somo la Tisa: Mlango wa Kwanza wa Matibabu

Somo hili lilisomwa katika radio kwa ajili ya madarasa ya kisomo cha watu wazima mjini Dar es Salaam. Limepigwa chapa hapa ili usome tena polepole, darasani au nyumbani.

Natumaini umekwisha kupata mahali pa kukaa penye mwanga, na daftari lako liko mbele yako. Katika somo lililopita tulijifunza kusoma na kuzidisha namba. Leo tutazitumia namba hizo, pamoja na maneno machache, katika kazi moja ya maana sana. Kazi hiyo ni kwenda kutibiwa.

Labda utasema, "Mwalimu, kwenda kutibiwa nako kunataka somo? Mtu akiumwa huenda hospitali, basi." Ngoja kwanza nikupe habari ya mwenzetu mmoja.

HABARI YA MAMA WA VITUMBUA

Katika darasa moja nililokuwa nikilisimamia hapa mjini alikuwapo mama mmoja, umri wake yapata miaka 50. Sitamtaja jina, wala sitakitaja kituo alichokwenda. Mama huyo alikuwa akiuza vitumbua alfajiri karibu na Kariakoo. Siku moja mjukuu wake, mtoto wa miaka 3, aliamka na homa kali. Mama akamwachia jirani biashara yake, akambeba mtoto mgongoni, akafika kituo cha matibabu saa mbili asubuhi. Akaona watu wengi wamekaa kwenye benchi mbele ya mlango. Naye akakaa.

Alikaa mpaka saa tano. Watu waliitwa, wakaingia, wakatoka, wakaenda zao. Yeye hakuitwa. Kuuliza aliona haya, maana aliogopa kuambiwa, "Kwani huoni? Si imeandikwa!" Kumbe benchi lile lilikuwa la watu waliokwisha kumwona tabibu, nao walikuwa wakingoja majibu ya maabara. Jina la mtoto wake lilikuwa bado halijaandikwa mahali popote.

Saa tano na robo mtoto akashikwa na degedege palepale benchini. Muuguzi aliyekuwa akipita alimnyakua, akaingia naye ndani mbio. Mtoto akapona. Lakini mama alipotusimulia habari hiyo darasani, alisema neno ambalo sijalisahau: "Mwalimu, juu ya ule mlango palikuwa na maandishi makubwa mekundu. Ukuta ulikuwa ukiniambia niende wapi, nami sikusikia."

Ndiyo sababu ya somo la leo. Mlango wa kwanza wa matibabu uko karibu na nyumbani kwako, nao ni wako. Lakini yafaa uujue ulipo, ujue kuingia, ujue kusema uwapo ndani, na ujue kusoma karatasi utakayotoka nayo.

1. MLANGO WA KWANZA UKO WAPI?

Katika nchi nyingine mtu hujiandikisha kwa daktari mmoja wa karibu na kwake. Uingereza, kwa mfano, ilianzisha Huduma yake ya Taifa ya Afya tarehe 5 Julai 1948, na huko watu huanza kwa daktari wa mtaa wao kabla ya kupelekwa hospitali. Sisi hatuna desturi ya kila mtu kuwa na daktari wake. Sisi tuna zahanati na kituo cha afya. Hizo ndizo mahali pa kuanzia.

Huduma za afya hapa Tanzania zimepangwa kama ngazi ya nyumba. Kipandio cha chini ni zahanati. Zahanati hutibu wagonjwa wanaokuja na kurudi nyumbani, hutoa chanjo, na huwaangalia mama wajawazito. Kipandio cha pili ni kituo cha afya, ambacho kina vitanda vya kulaza wagonjwa. Juu yake kuna hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa. Hapa Dar es Salaam hospitali za rufaa za mkoa ni Amana kwa upande wa Ilala, Mwananyamala kwa upande wa Kinondoni, na Temeke kwa upande wa Temeke. Juu kabisa iko Hospitali ya Taifa ya Muhimbili.

Sasa wewe unayekaa Kariakoo, Gerezani au Jangwani, hapo ndipo palipo na mtego. Muhimbili iko Upanga, jirani yako. Mtu huweza kwenda huko kwa miguu. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba Muhimbili ni hospitali ya mtaa wao.

Zamani ilikuwa karibu na hivyo. Hospitali hiyo asili yake ni hospitali ya Sewa Haji, iliyoitwa kwa jina la mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyetoa fedha kwa ajili ya matibabu ya wenyeji. Mwaka 1956 ikapewa jina la Princess Margaret, na baada ya Uhuru ikaitwa Muhimbili. Mpaka leo liko jengo huko linaloitwa Sewa Haji. Lakini siku hizi Muhimbili ni ya nchi nzima. Humpokea mgonjwa aliyeshindikana Mtwara, aliyeshindikana Kigoma, na yule aliyeumia vibaya barabarani. Ukienda huko na kikohozi cha siku mbili, utapoteza siku yako na fedha zako, kisha utaambiwa urudi ukaanzie karibu na kwako.

Basi anzia chini. Karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja ipo Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambayo watu wa Kariakoo wameizoea. Tena ziko zahanati na vituo vya afya katika kata mbalimbali za jiji, vingine vya Serikali, vingine vya mashirika ya dini, vingine vya watu binafsi. Kama hujui kilicho karibu nawe, mwulize mwenyekiti wa serikali ya mtaa wako, au mtendaji wa mtaa. Kujua jambo hilo kabla ya ugonjwa ni bora kuliko kulitafuta usiku wa manane mtoto akiwa mikononi.

Tabibu wa zahanati akiona ugonjwa wako unamshinda, atakuandikia barua ya rufaa. Barua hiyo ndiyo inayokupandisha ngazi. Itunze, wala usiikunje ovyo mfukoni. Ndani yake ameandika alichokiona na dawa alizokwisha kukupa, ili daktari wa juu asianze upya.

2. CHUKUA NINI UENDAPO?

Chukua vitu vinne.

Kwanza, daftari au cheti chako cha zamani cha matibabu, kama unacho. Pili, kitambulisho chako, na kadi ya bima ukiwa nayo. Tatu, dawa zote unazotumia pamoja na pakiti zake. Usione haya kumwonyesha tabibu hata dawa ya miti shamba uliyokunywa. Hakuulizi ili akuhukumu. Anataka kujua kama dawa mbili zitagombana mwilini mwako. Nne, mtoto aliye chini ya miaka 5 aende na kadi yake ya kliniki, na mama mjamzito aende na kadi yake.

Nenda mapema. Katika mji huu mapema maana yake ni kabla jua halijawa kali na foleni haijawa ndefu.

3. SOMA MAANDISHI YA MLANGONI

Sasa shika kalamu. Haya ndiyo maneno yaliyomshinda mama wa vitumbua. Yasome kwa sauti, kisha yanakili katika daftari lako kwa herufi kubwa, maana mlangoni huandikwa kwa herufi kubwa.

MAPOKEZI. Hapa ndipo pa kuanzia. Utaandikwa jina, umri na mtaa unaokaa. Usikae benchi lolote kabla ya kupita hapa.

MALIPO. Hapa hulipwa fedha, na hapa hupewa stakabadhi.

DAKTARI. Ndani yumo daktari au tabibu atakayekupima.

MAABARA. Hapa hupimwa damu, choo, mkojo na makohozi.

DAWA. Hili ni dirisha la kuchukulia dawa.

MAMA NA MTOTO. Hapa ni kliniki ya wajawazito na ya watoto.

DHARURA. Hapa hupelekwa mgonjwa mahututi bila kungoja.

Mara nyingi safari ni hii: mapokezi, malipo, daktari, maabara, kurudi kwa daktari na majibu, kisha dawa. Neno la mwisho hili wengi hulisahau. Mtu hupimwa damu, akachukua karatasi ya majibu akaondoka nayo mpaka duka la dawa. Majibu ya maabara si dawa. Lazima yarudi kwa tabibu, ayasome, aamue.

Na ukiwa bado husomi vizuri, uliza. Msogelee muuguzi au mlinzi, useme, "Samahani, mimi ni mgeni hapa, naanzia wapi?" Kuuliza hakuna aibu. Msafiri asiyeuliza njia hulala porini.

4. MBELE YA TABIBU

Chumbani kwa tabibu muda ni mfupi, kwa sababu nje watu ni wengi. Kwa hiyo andaa maneno yako ukiwa bado benchini. Tabibu anataka kujua mambo manne: unaumwa nini, ulianza lini, umetumia dawa gani, na kuna jambo gani jingine mwilini mwako, kama vile mimba, kisukari au shinikizo la damu.

Sikiliza mazungumzo haya ya bibi na tabibu kijana.

TABIBU: Shikamoo mama.

BIBI: Marahaba mwanangu.

TABIBU: Karibu ukae. Mtoto ana nini?

BIBI: Ana homa. Ilianza juzi usiku. Jana ilipungua mchana, usiku ikarudi.

TABIBU: Anakula? Anakunywa?

BIBI: Kula anakataa. Uji anakunywa kidogo. Leo ametapika mara moja.

TABIBU: Umempa dawa yoyote?

BIBI: Nilimpa panadoli nusu kidonge jana jioni. Pakiti yake hii hapa.

TABIBU: Vizuri sana, mama. Nenda maabara wakampime damu, kisha urudi hapa kwangu.

Umeona? Bibi hakusema, "Nimemleta mtoto ana malaria." Alisema alichokiona kwa macho yake, na siku kilipoanza. Hii ndiyo kazi ya mgonjwa. Kuutaja ugonjwa kwa jina ni kazi ya tabibu na maabara.

Nakuomba ulishike jambo hilo, hasa katika habari ya homa. Sisi watu wa Pwani tumezoea kuita kila homa malaria. Lakini homa huweza kutoka kwenye mapafu, kwenye masikio, kwenye mkojo au kwenye utumbo. Kipimo cha malaria huchukua tone moja la damu ya kidoleni, na majibu hupatikana kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Ukinywa dawa ya malaria bila kupimwa, na kumbe ugonjwa ni mwingine, ule ugonjwa wa kweli unabaki ndani ukikua.

Ndivyo ilivyo kwa kikohozi pia. Wachukuzi wengi wa sokoni na bandarini hukohoa, wakasema ni vumbi la magunia. Huenda ni vumbi. Lakini kikohozi kikifika wiki 2, nenda ukapimwe kifua kikuu. Matibabu ya kifua kikuu hayalipiwi katika vituo vya Serikali. Kwa kawaida huchukua miezi 6. Mgonjwa anayemeza dawa zake zote hupona, naye huwalinda watu wa nyumbani mwake. Anayenunua dawa za kikohozi kidogokidogo dukani huwaambukiza wanawe huku akidhani anajitibu.

Kama hukuelewa alichosema tabibu, mwambie, "Tafadhali nieleze tena." Na kabla hujatoka chumbani, uliza maswali matatu: Ugonjwa wangu ni nini? Nitumie dawa hii vipi? Nirudi lini?

5. KUSOMA CHETI CHA DAWA

Hapa ndipo hesabu yetu inapoingia. Katika cheti au juu ya pakiti ya dawa utaona alama kama hizi:

1 × 3
2 × 2
1 × 1

Namba ya kwanza ni vidonge vya kumeza kwa wakati mmoja. Namba ya pili ni mara ngapi kwa siku. Kwa hiyo 1 × 3 maana yake ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Asubuhi kimoja, mchana kimoja, usiku kimoja. Siku ina saa 24. Gawanya kwa 3, utapata 8. Basi kati ya kidonge na kidonge ziwepo kama saa 8. Na 2 × 2 maana yake ni vidonge viwili, mara mbili kwa siku, yaani kila baada ya saa 12.

Baada ya hapo huandikwa idadi ya siku. Ukiona 1 × 3 kwa siku 5, zidisha: 1 mara 3 mara 5, jawabu ni 15. Hesabu vidonge vyako dirishani kabla hujaondoka. Kama ni 10, uliza.

Tuchukue mfano wa kweli. Dawa mseto ya malaria kwa mtu mzima ni 4 × 2 kwa siku 3. Zidisha mwenyewe: 4 mara 2 ni 8, na 8 mara 3 ni 24. Ndiyo maana pakiti ya mtu mzima ina vidonge 24. Siku ya kwanza, vile vinne vya pili humezwa baada ya saa 8. Siku zinazofuata ni asubuhi na jioni. Humezwa baada ya kula. Mtoto hupewa kwa kadiri ya uzito wake, kwa hiyo usimkatie mtoto vidonge vyako.

Mtu akimeza siku ya kwanza, kesho yake homa huondoka. Hapo shetani wa uchumi humnong'oneza, "Umepona. Vilivyobaki weka akiba." Usimsikilize. Vijidudu vilivyobaki hai huwa sugu, na safari nyingine dawa ileile haitavishinda. Dawa za namna ya antibaiotiki nazo ni hivyohivyo. Hazifai kununuliwa mbilimbili dukani kama pipi. Tabibu aziandike, nawe uzimalize.

6. HABARI YA FEDHA

Najua wengi huchelewa kwenda kutibiwa kwa kuogopa gharama. Kwa hiyo nitakueleza jambo hili bila kuficha.

Kwa miaka mingi baada ya Uhuru matibabu katika hospitali za Serikali yalikuwa bure. Kuanzia mwaka 1993 wananchi wakaanza kuchangia. Lakini utaratibu uliwekwa kwamba watu wa namna fulani wasamehewe. Nao ni hawa: mama wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu, ukoma na UKIMWI kwa matibabu ya maradhi hayo. Maskini kabisa naye anaweza kuombewa msamaha.

Msamaha hauji wenyewe. Mzee asiye na uwezo aanze kwa serikali ya mtaa wake, ambako anafahamika, apate barua. Hospitalini amwulizie afisa wa ustawi wa jamii. Huyo ndiye mtu wa kusikiliza habari za wasio na kitu. Vituo vingi vina dirisha la wazee, ili mzee asisimame foleni na vijana. Ukimwona mzee nyuma yako, mpishe.

Njia nyingine ni bima. Maana ya bima ni kuchanga ukiwa mzima ili utibiwe ukiwa mgonjwa, kama watu wa mtaa wanavyochangiana msibani na harusini. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kujaribiwa Igunga, mkoa wa Tabora, mwaka 1996. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kiwango cha kuchanga na huduma zinazopatikana hubadilika, kwa hiyo ukaulize katika ofisi ya mtaa au kituoni kwako kabla hujatoa fedha. Usimpe fedha za bima mtu aliyekufuata njiani.

Kila ulipapo, dai stakabadhi. Fedha isiyo na stakabadhi haikuingia Serikalini.

7. SI KWA WAGONJWA TU

Zahanati haikujengwa kwa wagonjwa peke yao. Mtoto mzima huenda huko kupimwa uzito na kuchanjwa. Chanjo za kwanza hupewa akizaliwa: ya kifua kikuu na ya polio. Kisha hurudi akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Chanjo ya surua na rubela hupewa akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Tarehe ya kurudi huandikwa kwenye kadi. Ewe mzazi unayejifunza kusoma, anza na kadi ya mtoto wako. Hakuna kitabu bora cha kusomea kuliko hicho.

Mama mjamzito naye aanze kliniki mapema, kabla ya wiki 12. Atapimwa damu, shinikizo la damu, kaswende na virusi vya UKIMWI, ili kama kuna tatizo litibiwe mapema na mtoto asidhurike. Nawe baba, fuatana naye. Hii si kazi ya wanawake peke yao.

8. WAKATI WA KUTONGOJA ZAMU

Nimesema panga foleni. Sasa nakwambia: kuna wakati foleni haifai. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea hata haamki, huyo hangoji benchini. Mama mjamzito anayetoka damu, anayeumwa sana kichwa na macho kuona ukungu, aliyevimba uso na mikono, au ambaye mtoto ameacha kucheza tumboni, naye hangoji. Nenda moja kwa moja kwa muuguzi wa kwanza utakayemwona, useme kwa sauti, "Mgonjwa wangu ni mahututi." Kama mama wa vitumbua angalijua maneno hayo saa mbili, mtoto angaliangaliwa mapema.

9. UKIWA NA MALALAMIKO

Watumishi wengi wa afya hufanya kazi ngumu, nao wastahili heshima na salamu njema. Lakini ukitukanwa, au ukiombwa fedha ya kificho, usinyamaze na usigombane. Uliza, "Mganga mfawidhi yuko wapi?" Huyo ndiye mkuu wa kituo. Mweleze taratibu. Liko pia sanduku la maoni, na sasa wewe unajua kuandika. Andika tarehe, saa na jambo lililotokea. Habari za rushwa hupelekwa TAKUKURU, simu namba 113, bila malipo.

MWISHO WA SOMO

Kujifunza afya kwa radio si jambo geni kwetu. Mwaka 1973 palikuwa na kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza radio, wakasoma vitabu vidogo, wakajadiliana habari za malaria, kuhara, kichocho na kifua kikuu. Nao hawakuishia kusikiliza. Waliinuka wakachimba vyoo, wakafyeka majani. Labda babu yako alikuwa mmoja wao.

Mama wa vitumbua naye hakuishia kusimulia. Mwezi mmoja baadaye alirudi kituo kilekile kumpeleka mjukuu kupimwa. Alipita mapokezi kwanza. Kisha, akiwa benchini, alimwona msichana mmoja mwenye mtoto mchanga, amekaa mbele ya mlango wa maabara kwa wasiwasi. Akamwuliza, "Mwanangu, umekwisha kuandikisha?" Msichana akatikisa kichwa. Mama akamshika mkono, akamwonyesha maandishi ukutani, akamsomea herufi kwa herufi: M-A-P-O-K-E-Z-I.

Basi nawe fanya hivyo.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe kinaitwaje? Hufunguliwa saa ngapi?
2. Kwa nini haifai kuanzia Muhimbili kwa ugonjwa mdogo?
3. Ni mambo gani manne ambayo tabibu anataka kuyajua?
4. Cheti kimeandikwa 2 × 3 kwa siku 7. Utapewa vidonge vingapi?
5. Taja dalili tatu za mtoto asiyepaswa kungoja foleni.

KAZI YA NYUMBANI

Katika wiki hii pita katika kituo cha matibabu cha karibu nawe, hata kama huumwi. Soma maandishi yote ya milangoni na unakili matano katika daftari lako. Uje nayo darasani.

Kwaheri mpaka somo lijalo.